Dada, mwambie Baba Mdogo sijahamahama

Dada,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Suala la mabati nimelielewa, nitalifikia. Kwanza nitoe lililonikaa kooni.

Eti Baba Mdogo kasimama mbele ya watu wote akasema mimi sina msimamo: nilianza na madaraja, nikahamia matetemeko ya ardhi, sasa nimeingia kwenye hela, na hela zenyewe hazionekani. Hukusema kama Kaka alicheka, lakini namjua. Alicheka.

Sijahama, Dada. Hesabu ni ile ile, inabadilisha nguo tu. Kosa langu ni kwamba sijawahi kukaa nanyi nikaeleza.

Mwaka 1822 Mfaransa Fourier alichapisha mlinganyo wa namna joto linavyosambaa ndani ya kitu kigumu. Mwaka 1900 mwanafunzi mmoja wa Paris, Louis Bachelier, akatetea tasnifu yake kuhusu bei za soko la hisa, na ndani yake mashaka juu ya bei ya kesho yanasambaa kwa mlinganyo huo huo wa joto. Mashaka ya siku moja ukiyaita hatua moja, ya siku 4 ni hatua 2, ya siku 9 ni hatua 3, maana yanapanuka kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku. Walimu wake waliisifu kazi lakini wakaona mada iko mbali na walizozoea, wakampa daraja la heshima, si lile la juu kabisa. Miaka 5 baadaye Einstein akatoa hesabu za aina hiyo hiyo, yeye akizungumzia chembe zinazoyumbayumba majini, na dunia ikamsikiliza. Kwa hiyo akina Baba Mdogo walikuwepo tangu zamani.

Mama naye msimulie habari za Hurst, mtaalamu wa maji wa Kiingereza, atazipenda. Huyu alikaa Misri miaka mingi akitafuta bwawa la Mto Nile liwe na ukubwa gani ili maji yatoshe hata miaka ya ukame. Alikuwa na vipimo vya kina cha mto vinavyoanzia mwaka 622. Akagundua kwamba miaka mibaya hupenda kufuatana, na mizuri vivyo hivyo, kuliko ingekuwa bahati tupu. Hiyo ni makala ya 1951. Mwanahisabati Mandelbrot akaibeba hadi kwenye bei za masoko, na hali hiyo akaiita kwa jina la Yusufu, yule wa miaka 7 ya shibe na 7 ya njaa. Bwawa la mhandisi limeishia kwenye vitabu vya fedha, wala hakuna aliyemwambia Hurst hana msimamo.

Sasa kazi yangu mimi. Baada ya tetemeko kubwa kuna madogo yanayofuata. Mjapani Omori aliyahesabu, akaandika mwaka 1894 kwamba hupungua kwa mpango: siku ya 10 utapata kama sehemu moja ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Mwaka 1971 mtakwimu Hawkes akatunga hesabu ya matukio yanayozaa matukio, yaani kila moja likitokea, uwezekano wa jingine unapanda, kisha unashuka taratibu. Wanajiofizikia, yaani wanasayansi wa ardhi, wakaichukua kwa matetemeko, watu wa fedha wakaichukua kwa maagizo ya kununua na kuuza hisa. Muuzaji mmoja akishtuka, anashtua wengine. Kwenye skrini yangu nikiondoa maandishi pembeni, huwezi kujua mchoro upi ni wa ardhi na upi ni wa soko. Msimamizi wangu wa tasnifu nilimpa mtihani huo akakosea. Nilifurahi wiki nzima.

Siri yote iko kwenye namba moja: kila tukio linazaa watoto wangapi kwa wastani. Ikiwa chini ya 1, vurugu itazimika yenyewe. Ikiwa 0.9, basi katika kila matukio 10, 9 yamezaliwa na mengine, ni 1 tu lililotoka nje. Ikifika 1, ni ukingoni; ikizidi, vurugu inaweza isizimike kabisa. Sasa lipime sakata letu. Baba Mdogo alisema neno moja. Yaliyofuata yote, ya Shangazi kununa, ya Kaka kutoka kwenye kundi la familia na kurudi saa hiyo hiyo, mmeyazaa wenyewe.

Na Baba Mdogo mwambie makala yangu ya hesabu hii imekubaliwa na jarida! Jina langu la kwanza, la msimamizi la mwisho. Ilizunguka karibu mwaka mzima, maana mpitiaji mmoja, wale wanaokagua makala kabla haijachapishwa, aliandika kwamba hii si jiofizikia, mwenzake akaandika kwamba hii si fedha. Nilicheka peke yangu usiku ule, halafu sikucheka. Hata huku nimekutana na Baba Mdogo, safari hii wawili, na wote hawana majina.

Kosa moja nitakwambia wewe tu. Miezi miwili nilitembea kifua mbele kwamba namba yangu imegonga karibu na 1, soko liko ukingoni. Kumbe data niliyopewa ilikuwa imekata muda kwenye sekunde nzima. Maagizo yaliyopishana kwa chembe ya sekunde yote yakaonekana yametua pamoja, na programu yangu ikadhani kila moja limemzaa mwenzake. Nilipopata data yenye muda kamili, namba ikashuka, na mimi nikashuka nayo. Nikaandika upya sura nzima ya tasnifu.

Kaka aliniuliza tena anunue hisa gani. Mjibu hivi: sijui. Anayeijua hesabu ya matetemeko hawezi kukutajia siku ya tetemeko, na anayeijua ya soko hawezi kukutajia bei ya kesho. Anachoweza kukwambia ni mashaka yana upana gani, ili mhandisi ajue nguzo aifanye nene kiasi gani na benki ijue iweke akiba kiasi gani. Akisema basi elimu hiyo haina faida, mwache tu.

Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kidogo zaidi, kiko karibu na maabara, inanisaidia. Jumapili ndiyo ndefu. Wakati mwingine nawasha ujumbe wako si kwa sababu ya maneno, ni zile sauti za watoto kwa nyuma.

Mabati: kusoma fedha si kuwa na fedha, ninayoishi nayo ni posho ya ufadhili na ina mwisho. Nusu nitatuma mwisho wa mwezi, ipite kwako, si kwa Kaka, sababu unaijua. Nusu nyingine baada ya kutetea tasnifu. Anzeni upande wa chumba cha Mama.

Nisalimie wote, na Baba Mdogo pia.

Mdogo wako.

Nimesahau: ile kalkuleta ya Baba, yenye kitufe cha 7 kilichozama, bado iko kabatini? Wasiichezee watoto.