Sukari ya damu si sukari ya ubongo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu watoto wenye kifafa ilihitajika sana, na nawashukuru. Lakini ndani yake mliandika kwamba mtoto akipimwa kidole na sukari ikawa ya kawaida, basi ubongo wake una chakula cha kutosha. Kwa watoto wengi ni kweli. Kwa wachache si kweli hata kidogo, na hao ndio wamenifanya niandike, kwa sababu ugonjwa wao una tiba, na dalili yake hupita mikononi mwetu watu wa maabara bila kutambuliwa.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto mdogo fungu hilo ni kubwa zaidi. Akiba yake ni ndogo mno, kwa hiyo sukari lazima ifike wakati wote. Nayo haipenyi ovyo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, huko Ujerumani, aliwadunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo vikashika rangi, ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aliitia rangi kwenye maji ya uti wa mgongo, na safari hii ubongo ndio ulioshika rangi. Miaka ya 1960 darubini za elektroni zikaonyesha sababu: seli za kuta za mishipa midogo ya ubongo zimebanana kiasi kwamba hakuna upenyo baina yake.

Watu husifu kizuizi hicho kwa kuzuia sumu. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni kuamua ubongo ule nini na kwa kiasi gani. Sukari huvushwa na protini iitwayo GLUT1, ambayo haingoji insulini. Mkazi wa Dar es Salaam atanielewa upesi: abiria wanaweza kujaa Magogoni hadi barabarani, lakini pantoni moja ikiharibika, watakaofika Kigamboni ni wachache. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya GLUT1. Kuna watoto ambao nakala moja ina hitilafu, hivyo damu yao imejaa sukari huku ubongo ukiwa na njaa. Mara nyingi hitilafu hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wake hawana. Nalisema hili kwa sababu akina mama wengi hulaumiwa, na wengine huambiwa wamerogwa.

Daktari Darryl De Vivo na wenzake ndio walioeleza ugonjwa huu, mwaka 1991, kwa watoto wawili. Kifafa huanza mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Macho huweza kurukaruka, kichwa kikachelewa kukua, mtoto akachelewa kutembea na kusema. Mama makini huona jambo jingine: mwanawe huzidiwa asubuhi kabla ya kula, na akipata uji huchangamka.

Ushahidi uko kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwa kawaida sukari yake ni kama asilimia 60 ya ile ya damu. Kwa watoto hawa huwa chini sana, mara nyingi chini ya milimoli 2.2 kwa lita. Homa ya uti wa mgongo nayo hushusha sukari hiyo, lakini hapo kwa kawaida tutaona chembe nyeupe zimeongezeka na protini imepanda. Kwa mtoto mwenye hitilafu ya GLUT1 maji ni maangavu, chembe na protini ni za kawaida. Ni rahisi sana majibu kurudi wodini yakisomwa "hakuna maambukizi", na namba ya sukari ikasahauliwa palepale kwenye karatasi. Tena namba hiyo peke yake haitoshi, maana mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na sukari ndogo kotekote. Lazima damu ipimwe pia, muda mfupi kabla ya sindano ya mgongo, kwa kuwa kilio na maumivu hupandisha sukari ya damu. Gharama yake ni stripu moja ya kupimia sukari.

Tiba ni chakula. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo huweza kuzitumia badala ya sukari, nazo huvuka kwa protini nyingine isiyo GLUT1. Mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana ulianza kutumika kwa kifafa huko Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1921, na kwa watoto wengi wa kundi hili hupunguza au kukomesha kabisa degedege. Nazi, parachichi na mayai tunavyo. Hata hivyo mzazi asijaribu mwenyewe nyumbani: mlo huo hupimwa kwa gramu chini ya daktari na mtaalamu wa lishe, na yapo magonjwa mengine ya kuzaliwa ambayo mlo huo unaweza kuua.

Fenobabitoni, inayotumika sana kwa kifafa katika vituo vyetu, imeonekana maabara kupunguza kazi ya GLUT1. Mtoto asiachishwe dawa kwa kusoma barua hii, kwani kuikata ghafla ni hatari. Ila ikiwa dawa haimsaidii na dalili ni hizo nilizotaja, mzazi amuulize daktari kuhusu GLUT1.

Kwa hospitali zetu ombi langu ni dogo: fomu ya kipimo cha maji ya uti wa mgongo iwekwe mstari wa sukari ya damu, pamoja na saa iliyopimwa. Nanyi, Mhariri, naomba msahihishe maelezo yale katika toleo lijalo.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro