Risala ya wanaklabu wa mazingira kwa mgeni rasmi: joto linavyowakosesha ndege kuzaa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, sheha wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, assalamu alaykum.

Karibu sana skulini kwetu hapa Pemba. Habari za bahari kupanda na maji chumvi kuingia mashambani tunazisikia kila siku na ni kweli kabisa, ila ndege hawatajwi, ndo mana leo tumeamua tuwasemee.

Muhula huu tumesoma habari za hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, yule wa mdomo wa njano wa jangwa la Kalahari, kule kusini mwa Afrika. Jike anaingia kwenye tundu la mti anajiziba humohumo, anabakisha upenyo mdogo tu, na dume ndo anamletea chakula. Sasa joto likizidi dume hahangaiki tena kutafuta chakula, anakaa kivulini mdomo wazi anahema, manake ndege hatoki jasho, na huko kuhema kunamkausha maji mwilini, na ndani mama na makinda wana njaa. Na hawezi kungoja miezi ya baridi kwa sababu anazaa kwa kufuata mvua na mvua kule inakuja wakati wa joto. Wataalamu waliwafuatilia toka 2008 mpaka 2019, miaka ya mwanzo viota vilivyofanikiwa kutoa japo kinda mmoja akaruka vilikuwa asilimia 58, miaka ya mwisho 17 tu! Wastani wa joto la juu kabisa la kila mchana ukipita digrii 35.7 hakikufanikiwa hata kiota kimoja. Yaani hakuna mizoga ya kuona, ni makinda tu hawapatikani, na hilo ndo lililotuumiza zaidi.

Marekani nako, jangwa la Mojave, walirudi maeneo 61 yaliyokaguliwa karibu karne moja nyuma wakakuta kwa wastani kila eneo limepoteza asilimia 43 ya aina za ndege, kwa ukame na joto kuzidi.

Pemba si jangwa alhamdulillahi, lakini tuna ndege wanne wasiopatikana popote duniani ila hapa, akiwemo ninga wetu, njiwa wa kijani, na yule bundi mdogo wa msitu wa Ngezi. Ndege wa bara pakimshinda anasogea, huyu wetu atasogea wapi na pande zote bahari?

Mheshimiwa, tunakuomba utusaidie kuwasemesha wakubwa, miti mikongwe yenye matundu isikatwe kwa kuni na mkaa. Pia tunaomba kipimajoto, kipimamvua na darubini japo mbili, daftari tunalo na majina ya ndege tumeshaanza kuyaandika.

Tunaomba kuwasilisha, ahsante sana.