Kaka, kuhusu ule mwembe

Kaka, nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na meseji unasoma, tiki zinakuwa bluu, kisha kimya.

Wangari Maathai, yule mama Mkenya aliyepigania miti, mimi nilimjua kupitia kwako. Wewe ndo ulirudi na Unbowed, kitabu cha maisha yake, kwenye begi, ukakaa chini ya mwembe ukawa unamtafsiria mama, maana kizungu hakujua, yeye anakuna nazi wewe unasoma. Mama alipenda pale Wangari mdogo kule Ihithe anachezea mayai ya chura kijitoni akidhani ni shanga, anayainua ayavae yanamponyoka. Alikuwa anakwambia rudia hapo. Na pale mamake anamkataza kuokota kuni za mugumo kwa sababu ni mti wa Mungu, mama akasema hata sisi tuna kaya, msitu mtakatifu, huko huchukui hata kijiti.

Halafu unakumbuka lile linalofuata, mugumo ulikatwa, ulionekana unakula nafasi ya majani chai, na kijito kikakauka. Ulifunga kitabu ukanyamaza. Nilikuona.

Sasa niambie siku ile ilikuwaje. Arubaini ya mama haijafika, nimelala chumbani kwake, nasikia msumeno wa injini nikadhani ni kwa jirani. Natoka nje na khanga, nakuta tawi lile la bembea liko chini, maembe mabichi yametapakaa hadi mlangoni, na wewe umesimama na yule mtu wa lori mnahesabu pesa. Hukunitazama. Ulisema "kitabu hakilipi deni la hospitali." Kaka, hilo neno sijaweza kulimeza mpaka leo.

Wewe ndo ulinieleza kwamba mti ni siasa. Mwaka 1989 walitaka kujenga jengo la orofa 60 pale Uhuru Park, mama wa watu akaandika barua, wabunge wakamtukana bungeni, na jengo halikujengwa. Januari 1999 akapigwa akitetea msitu wa Karura mpaka damu ikamtoka kichwani. Na 2011 alipokufa ulinipigia usiku kunieleza jeneza lake, la mianzi na magugu maji na mafunjo, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Ulikuwa unalia. Mtu aliyelia vile anakataje mwembe?

Najua utasema ni rahisi kuongea ukiwa Nairobi. Sawa. Ila deni ukilibeba peke yako bila kuita kikao unakuwa umejidhulumu mwenyewe, ungetuita tukae, tungeuza hata ile televisheni, na usije ukagusa minazi nayo bila kuniuliza. Mimi nilituma. Nilituma mara tatu, ya nne sikuwa nayo, mwenye nyumba alikuwa ameshaniwekea kufuli, na mazikoni sikufika kwa sababu basi liliharibika njiani na nyinyi mlizika alasiri, nilikuwa naomba mningoje hata saa moja. Nani alisema niliwatupa? Ni yule wa Malindi, unajua namaanisha nani, mwambie nimesikia.

Lakini pia najua nani alikuwa anambeba mama kwenda kuoga miezi ile yote. Hilo sijalisahau, na ningekwambia usoni kama ungepokea simu.

Kile kitabu kingine cha 2009, The Challenge for Africa, kinaanza na mwanamke wa Yaoundé, kule Kameruni, analima mitaro inayoteremka na mlima, mvua ikija inabeba udongo wote. Wangari hakumtukana, alisema wa kumwelekeza hakuwepo. Mimi usiku nakuwaza vile, kisha asubuhi nakumbuka wewe kuelekezwa ulielekezwa.

Ile Unbowed ninayo mimi, niliichukua chumbani kwako siku ile bila kukuaga. Ukurasa wa mugumo una doa la tui, la kidole cha mama. Ukiitaka njoo uichukue, nipo nyumbani Jumapili zote.