Kusoma si kazi ya mwalimu wa Kiswahili peke yake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi wilayani Temeke. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo nilichelewa kuliona.

Muhula uliopita mwenzangu wa Hisabati aliingia ofisini na rundo la madaftari ya darasa la tano. Swali lilikuwa hili: Asha ana machungwa 24, ambayo ni mara tatu ya machungwa ya Juma. Juma ana machungwa mangapi? Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika 72 badala ya 8. Tukamwita binti mmoja anayesoma kwa sauti bila kukwama. Akalisoma swali lote vizuri. Tulipomuuliza kwa nini amezidisha, akajibu, "Si kuna mara, mwalimu?"

Mtoto huyo herufi anazijua na majedwali ya kuzidisha anayajua. Hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha kwamba swali la Hisabati husomwa mpaka mwisho, na kwamba kabla ya kushika kalamu ni lazima ujue kati ya Asha na Juma ni nani mwenye machungwa mengi.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakapewa mafunzo. Ilikuwa haki kabisa. Lakini mtoto akifika darasa la tatu anakabidhiwa vitabu vya masomo, kila somo na msamiati wake, nasi tunamhesabu kuwa ameshajua kusoma. Akishindwa, lawama anabebeshwa mwalimu wa Kiswahili. Hata mimi nimembebesha kwa miaka mingi.

Chukua neno usanisinuru. Nilikuwa naliandika ubaoni, naandika na maana yake, watoto wananakili, tunaendelea. Siku moja mwalimu wa Kiswahili aliingia kipindini kwangu akaligawa neno lile vipande viwili, usanisi, yaani kuunda kitu, na nuru. Darasani mna akina Nuru wawili, na wote wanajua jina lao lina maana ya mwanga. Kutoka hapo watoto wenyewe wakafika kwenye jani linalojitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Dakika tano tu, tena bila kifaa chochote.

Yapo pia maneno yanayowadanganya watoto kwa sababu wameyazoea nyumbani. Kisayansi, kazi hufanyika pale kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inapokisogeza kitu. Mchukuzi wa Kariakoo aliyesimama na gunia kichwani akisubiri lori hafanyi kazi juu ya gunia lile, ingawa jasho linamtoka. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulijua hilo kwa niaba yangu. Ni mimi ninayepaswa kulifundisha, na chuoni sikufundishwa namna ya kufanya hivyo.

Ndiyo maana nayatazama Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, kwa matumaini makubwa. Mpango huu unataka walimu wajifunze hapohapo shuleni, katika jumuiya za ujifunzaji, badala ya kungoja semina ya mbali anayokwenda mtu mmoja na kurudi na kabrasha linaloishia kabatini. Kwa bahati mbaya, katika shule moja niliyopata kufundisha, muda wa jumuiya uliliwa na matangazo ya mitihani na michango. Tulisaini mahudhurio tukatawanyika. Iliniuma, kwa sababu saa ile moja ndiyo pekee tuliyokuwa nayo.

Nilipo sasa tumejaribu njia nyingine. Kila kikao mwalimu mmoja analeta ukurasa mmoja wa kitabu anachofundisha wiki hiyo, pamoja na madaftari machache ya wanafunzi. Tunausoma ukurasa kama mtoto anavyousoma na kuulizana atakwama wapi. Kwa lile swali la machungwa, mwalimu wa Kiswahili alipendekeza watoto wafunike namba kwanza, wasimulie kisa kwa maneno yao, kisha ndiyo wafunue. Mwenzangu wa Hisabati alikwenda kulijaribu kesho yake, nami nikakaa nyuma ya darasa. Si wote waliopata, darasa lina watoto zaidi ya 80. Ila walibishana kuhusu Asha na Juma, na mabishano ya namna hiyo sikuwahi kuyasikia katika kipindi cha Hisabati.

Wakati wenyewe hautungoji. Watoto hawa wakiingia kidato cha kwanza katika shule za serikali, masomo karibu yote yatageuka kuwa ya Kiingereza. Aliyekuwa hawezi kuuchambua ukurasa wa Sayansi kwa lugha anayoiota usiku, huko atashika nini?

Nawaomba walimu wakuu waulinde muda wa jumuiya, matangazo yabandikwe ukutani. Nawaomba maofisa elimu kata, wanapokuja kukagua, waombe kuuona ukurasa uliojadiliwa na madaftari yake, wasiishie kwenye karatasi ya mahudhurio. Na wenzangu wa Sayansi, Hisabati na Jiografia, tuwakaribishe walimu wa Kiswahili madarasani mwetu. Mimi nilikaa miaka mingi bila kumwomba wangu, naye alikuwa chumba cha pili.

Mwalimu wa Sayansi,
Temeke, Dar es Salaam