Harambee ya kiwanja cha michezo cha watoto wa awali na la kwanza, wazazi someni mpaka mwisho

Habari za jioni wazazi wenzangu, na nyie mliosoma hapa zamani ambao saivi mko Dar na kwingine, naandika kwa niaba ya kamati ya shule.

Niwe mkweli, mimi mwenyewe nilishawahi kumfuata mwalimu wa awali nimefura kweli, maana mtoto kila siku anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, ukimuuliza leo mmesoma nini anakujibu tumecheza. Mwalimu wala hakubishana na mimi, akasema mama hebu kaa hapo. Watoto wakachimba kishimo, wakaweka vijiwe kumi, wakaanza mdako, mtoto anarusha jiwe jingine juu, anakomba vilivyo shimoni, anavirudisha anaacha vitatu nje, mwalimu anauliza mle ndani vimebaki vingapi, na huyu wangu ambaye kwenye daftari kumi kutoa tatu ni vita na machozi akasema saba kabla jiwe halijatua. Niliondoka kimya kimya.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, sio kukariri tu, na michezo ni sehemu ya masomo. Shida yetu ni pa kuchezea. Uwanja ni mmoja, kaka zao wa la sita na la saba wanapiga mpira, wadogo wanajibana ukutani kwenye kokoto, kiangazi vumbi, masika tope. Na hapo Olmoti, hapahapa Arusha, unajengwa uwanja wa AFCON 2027 wa watu 30,000 jamani, sasa hao wa kuja kucheza humo baadaye tunawatoa wapi kama sio hawa?

Tunataka bembea mbili, mtelezo mmoja, tripu mbili za mchanga laini, na mbao nne za bao (kila moja mashimo 32 na kete 64, kete tutaokota wenyewe, hesabu tosha hiyo). Fundi wa kuchomelea ni mzazi mwenzetu, ufundi katoa bure, anachotaka ni vyuma na rangi. Jumla ni 1,850,000, mpaka jana tumefikisha 610,000, bado 1,240,000.

Mchango ni wa hiari, elimu bila ada iko palepale na hamna mtoto atakayerudishwa nyumbani kisa mzazi hajatoa. Hela mpe mweka hazina wa kamati mkononi na udai risiti, usimpe mtoto, mnajua zinapoishia, kwenye ubuyu. Kama huna hela njoo na jembe au koleo Jumamosi saa 2 asubuhi, ni msaragambo, chai ipo.

Alafu matairi chakavu. Arusha hii ya magari ya watalii gereji zimejaa matairi yanakaa tu yanafuga mbu, sisi tunayapaka rangi watoto wanayaruka na kuyahesabu. Tunahitaji 20. Mwenye nalo asisubiri Jumamosi, alete hata usiku, mlinzi ameshaambiwa apokee.