Mawifi na mama wakwe, mwacheni huyo binti apumue

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo marahaba japo hamjaniamkia, haya tuongee.

Mimi bibi yenu nimefanya kazi leba miaka mingi, na kila akizaliwa mtoto mwenye Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, kitovu hakijadondoka maneno yashaanza, eti mama alitumia sana dawa za majira, eti alimcheka mlemavu, eti kwao kuna laana. Jamani!

Iko hivi. Seli za mwili zina kromosomu 46, yaani vile vifurushi vya vinasaba, vimepangwa pea 23, moja ya baba moja ya mama. Yai au mbegu ikitengenezwa lazima zipunguzwe zibaki 23, mgawanyiko huo ndo meiosisi, pea zinajipanga katikati ya seli halafu kuna vinyuzi vinavuta moja huku nyingine kule. Sasa pea isipokaa sawa, au ikigoma kuachana, zote mbili zinaburutwa upande mmoja, yai linabaki na 24, likikutana na mbegu ya 23 hesabu inakuwa 47. Iliyozidi ikiwa ni namba 21 ndo huyo mtoto wetu, na hili daktari Lejeune na wenzake kule Ufaransa walishalionyesha tangu 1959.

Halafu mayai, hapa nisikilizeni, yanaanza huo mgawanyiko binti akiwa bado tumboni kwa mama yake, yanaishia njiani yanasubiri miaka 20, mengine 40, mpaka mwezi wa yai kupevuka, na protini zinazoshikilia kromosomu pamoja nazo zinachoka. Ndo maana kwa mama wa miaka 25 ni kama mtoto mmoja kwa 1,250, akifika 40 mmoja kwa 100 hivi. Ila msikimbilie kusema kachelewa kuolewa, wengi wa watoto hawa wanazaliwa na mama wa chini ya 35 maana ndo wanaozaa zaidi, na mara chache kosa linatokea kwenye mbegu ya kaka yenu.

Hata mimba zinazotoka mapema, karibu nusu ni kromosomu zimekosewa hesabu, nyie mnasema kabeba ndoo nzito!

Ipo aina ya nadra ya Down sindromu inayoweza kurithiwa, daktari akiagiza kipimo cha kromosomu waende wazazi wote wawili. Na mtoto msimpeleke kwa mganga, apimwe moyo kwanza, karibu nusu yao wanazaliwa na hitilafu ya moyo na akiwahi nyingi zinarekebishika, kisha thairodi, ile tezi ya shingoni, na masikio. Na wewe wifi unayemshawishi kaka yako aoe mwingine, nauli ya kliniki mwezi huu toa wewe.