Sifa za mashabiki zinawaponza wachoraji wa Japani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu jambo ambalo wazee wetu huenda wakaliona la kitoto, lakini ambalo kila siku baada ya sala ya Isha huzusha mabishano katika baraza yetu hapa Mkunazini kuliko hata ligi ya Uingereza. Nakusudia anime, yaani katuni za Kijapani, na sifa zilizopita kiasi ambazo mashabiki huzimiminia baadhi yake.

Kijana mmoja wa mtaani, aliyenirushia Demon Slayer kwenye flashi, aliniapia kwamba haijapata kutokea hadithi kama hiyo. Nikaanza kuitazama kwa hamu. Mwanzo wake ni mzuri: mvulana muuza makaa anarudi nyumbani kwenye theluji na kukuta jamaa zake wameuawa, amesalia dada yake tu, naye amegeuka zimwi. Kisha yakaja mazoezi, panga, zimwi moja baada ya jingine, na yule mpiganaji mwoga, Zenitsu, ambaye mayowe yake yalimfanya mama aulize kutoka ukumbini ni nani anayechinjwa. Nilipomwambia kijana kwamba sijaona cha ajabu, alinijibu kwa upole, “Kaka, hujafika ya kumi na tisa.”

Nadhani siri yote imo katika jibu hilo. Sehemu ya 19, iliyorushwa Japani Agosti 2019, kweli ni kazi ya mafundi: studio ya ufotable imeoanisha michoro ya mkono na ya kompyuta, upanga unawaka moto, wimbo unashika nafasi ya maneno. Dakika hizo chache zilikatwa vipande zikasambazwa kwa simu, na sifa zake zikatandazwa juu ya sehemu zote 26, zikiwemo zile ambazo wasifuji wenyewe huzirukisha. Anayesifu anakumbuka dakika tano. Anayehimizwa aitazame hutakiwa akae saa kumi.

Ukiwabishia, watakutajia fedha. Filamu ya Demon Slayer ya Oktoba 2020 iliipita kwa mapato nchini Japani Spirited Away, filamu ya katuni ya mwaka 2001 iliyokuwa ikiongoza, na vijana huisoma habari hiyo kama hukumu ya mahkama. Hawaongezi kwamba mwaka ule wa korona filamu nyingi za Marekani ziliahirishwa, hivyo kumbi za Japani zikawa na nafasi tele ya kuionesha hiyo moja. Sisemi haikustahili.

Lipo na jambo la kusubiri, ambalo mimi mwenyewe silikwepi. Anime nyingine, Attack on Titan, ilianza kurushwa 2013 ikamalizika 2023, kwa hivyo aliyeianza akiwa skuli aliimaliza akiwa ameoa, na kila wiki ya miaka hiyo alikuwa na wenzake wa kubishana nao. Mtu huyo akikwambia hakuna kama hiyo, nusu ya anachokisifu ni ujana wake. Mgeni atakayeitazama kwa siku nne, peke yake chumbani, hatakuwa na ujana huo wa kuichanganyia, naye atashangaa kelele zote zilikuwa za nini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema yuko Tokyo, wala hasikii sifa za Mkunazini, na maji yanatiwa na wanywaji wenyewe.

Kwa hivyo nawaomba vijana wa baraza wamwambie mgeni hadithi inahusu nini, wamwache aione. Mimi nilipoifikia ile ya kumi na tisa nilikuwa nimeshaona vipande vyake kwenye simu si chini ya mara kumi, nikaitazama kama karani anayekagua mzigo bandarini.

Msomaji wako,
Mkunazini, Unguja